Siku Tatu za Abba Pamini

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, nao walipokea kwa waliowatangulia wao, ya kwamba katika nchi ya mto Nili, mahali ambapo mashamba hukoma na jangwa huanza papo hapo, palikuwa na kijiji cha Wakristo kilichoitwa Tameshi. Juu yake, mwendo wa saa moja kwa miguu, katika pango lililochongwa na watu wa kale kwa ajili ya wafu wao, aliishi mtawa aliyeitwa Abba Pamini. Alikuwa amekaa pale miaka thelathini na miwili. Alikula mara moja kwa siku, jua likishazama, na sehemu kubwa ya maandiko matakatifu aliijua kwa moyo. Watu walimpenda, naye, Mungu amrehemu, alipenda kupendwa. Hilo hakulijua mpaka uzeeni.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Jumamosi iliyo kati ya kuzikwa kwa Bwana na kufufuka kwake, kitabu cha maono ya siku za mwisho kilisomwa kanisani chote, tangu asubuhi hadi alasiri, kwa lugha ya kale ambayo wengi hawakuielewa tena. Siku hiyo Abba Pamini alishuka, akasimama kando ya msomaji, na baada ya kila sura akawafasiria watu kwa lugha ya nyumbani: mihuri inayovunjwa, baragumu, vitasa vya ghadhabu, shinikizo la zabibu litokalo damu, vitabu vinavyofunguliwa mbele ya kiti cha enzi. Wazee walilia. Watoto walijificha katika mashuka ya mama zao, na mwaka uliofuata wakataka kusikia tena.

Mwaka mmoja, alipofika kwenye habari ya mnyama atokaye baharini na alama anayowatia watu katika mkono wa kuume, Abba Pamini aliona macho ya watu yamelegea. Siku ilikuwa ya joto, na watu walikuwa wamefunga. Mkuu wa kijiji, mtu mnene aliyeitwa Patape, alikuwa akikoroma waziwazi. Mtawa akauinua mkono wake juu na kupaza sauti.

"Mtaiona kwa macho yenu! Itakuja imekwisha kuchomwa katika nyama. Msile na aliye nayo, msiuziane naye, msije mkashiriki hukumu yake!"

Patape akazinduka. Kanisa zima likanyamaza, hata kitoto kilichokuwa kikilia mlangoni kikanyamaza.

Maneno yale hayakuwamo kitabuni. Abba Pamini alijua kwamba hayakuwamo. Aliyasema kwa sababu yalimjia vizuri mdomoni, na njiani kurudi pangoni aliyarudia mara mbili akiwa peke yake, akapendezwa nayo. Ndivyo dhambi yake ilivyoanza, na sidhani kwamba ilikuwa kubwa kuliko zile tunazozitenda sisi tunaosimama mbele za watu na kusema.

Mwaka wa tatu baada ya hapo mto haukupanda. Mashamba ya juu yalibaki meupe, na ng'ombe wakaanza kuanguka wakitoa povu puani. Watu wakawa wanazungumza juu ya siku za mwisho kisimani, shambani, hata kitandani. Kila jioni mtu fulani alikuwa ameona kitu mawinguni.

Katika hali hiyo alitokea mwanamke kutoka upande wa jangwa, amejifunga gunia, nyayo zimepasuka. Jina lake lilikuwa Herai, naye alikuwa mzaliwa wa Tameshi. Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili alitekwa na wanyang'anyi pamoja na mbuzi aliokuwa akiwachunga, akauzwa kwenye mabwawa ya magadi. Huko alikaa miaka kumi na tisa akichota magadi kwa mikono mitupu. Bwana wake alipofilisika, watumwa waliachwa bila chakula ili kila mmoja ajitafutie njia. Herai akatembea siku kumi na moja kurudi kwao.

Alifika siku ya kuoka. Wanawake wote walikuwa kwenye tanuri la kijiji, na aliyelisimamia alikuwa Bibi Nonna, mjane mwenye ulimi mkali, ambaye hakumwacha mtu bila kumtania, hata kasisi.

"Amani kwenu, mama zangu," Herai akasema. "Mimi ni binti wa Isaka mfinyanzi. Nipeni kipande, hata kama kimeungua."

Bibi Nonna akamtazama toka juu hadi chini. "Isaka alikuwa na binti mwenye mashavu. Wewe ya kwako umeyaacha wapi?"

"Magadini, bibi. Walininunua nayo, hawakunirudishia."

Wanawake wakacheka. Bibi Nonna naye akacheka, akatoa mkate kapuni na kumpa. Herai akanyoosha mkono wa kuume kuupokea. Hapo wote wakaona nyuma ya kiganja chake kovu la moto, mistari mitatu na duara juu yake, ngozi imejikunja na kung'aa.

Kicheko kikakatika.

"Ndiyo ile," mwanamke mmoja akanong'ona. "Ile aliyotuambia Abba."

Bibi Nonna akaurudisha mkate kapuni. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia, tena na tena mpaka kufa kwake, kwamba mkate ule ulikuwa ungali moto, na kwamba vidole vya Herai vilikuwa vimekwisha kuugusa.

Akaitwa Pahor, mwana wa Isaka, aliyerithi ufinyanzi wa baba yake. Akaja na udongo mikononi.

"Huyu anasema ni dada yako," wakamwambia.

Pahor aliutazama uso wa mwanamke yule kwa muda mrefu. Kisha akautazama mkono. Kisha akawatazama majirani, ambao ndio walionunua vyungu vyake, na ambao watoto wao walicheza na watoto wake.

"Dada yangu alikufa," akasema. "Tulimlilia siku arobaini."

"Pahor," Herai akasema, "nani alikufundisha kupiga mluzi ukiwa huna meno ya mbele?"

Pahor akageuka, akaenda zake.

Patape mkuu wa kijiji hakuwa mtu katili, na yatupasa kulisema hilo. Baadhi ya vijana walipookota mawe, yeye ndiye aliyewanyang'anya. "Sisi si wapagani," akasema. "Hakuna wa kumgusa. Lakini asiuziwe kitu wala asipewe, mpaka Abba atakapotoa neno." Wakampeleka Herai katika banda la zamani la kuchomea vyungu, nje ya kijiji. Mtungi wa maji wakamwekea hatua kumi kutoka mlangoni, wakarudi nyuma haraka, kama watu wanaomwekea mbwa mkali.

Kisha wakaandika. Watu wa nchi ile waliandikiana juu ya vigae vya vyungu vilivyovunjika, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali. Mwenye kuulizwa aliandika jibu lake upande wa pili wa kigae na kukirudisha. Wakaandika hivi: "Kwa baba yetu mtukufu. Amekuja mwanamke mwenye alama katika mkono wa kuume, imechomwa katika nyama kama ulivyosema. Je, ni yenyewe? Tumlishe au tusimlishe? Utuombee."

Abba Pamini alikisoma kigae kile mlangoni pa pango lake, na kabla hajafika mwisho alikuwa amelijua jibu. Maneno mawili tu yalitosha: mpeni mkate. Akachukua kalamu, na mkono ukasita. Alijua watakalomwuliza. Watasema, "Lakini wewe si ndiye uliyetuambia?" Naye itambidi aseme kwamba aliongeza. Wakishajua kwamba aliongeza hapo, watataka kujua ni wapi pengine alipoongeza, na miaka thelathini na miwili ya heshima itavuja yote kupitia tundu lile moja. Akawaona moyoni mwake wakitazamana. Akamwona Patape akitabasamu.

Akaandika upande wa pili: "Nipeni siku tatu nisali."

Kijijini, kigae kilipopokewa, watu walitikisa vichwa. "Kama isingekuwa yenyewe, angesema," wakaambiana. "Abba hasiti kwa jambo dogo." Wakakaza kile walichokuwa wamelegeza. Maana wawili watatu, akiwamo Bibi Nonna, walikuwa wameanza kuficha vipande vya mkate chini ya shuka, na sasa walivirudisha kapuni.

Siku ya kwanza Abba Pamini alisali, lakini maneno ya sala yalitoka kinywani na kuanguka palepale. Siku ya pili alijiambia kwamba aliyelivuka jangwa hawezi kufa kwa kungoja siku mbili, na kwamba hata yeye mwenyewe hufunga muda mrefu kuliko huo. Akafungua kitabu cha maono akitafuta humo njia ya kupita, mahali ambapo angeweza kuwaokoa wote, mwanamke yule na jina lake mwenyewe. Akafika kwenye habari ya mnyama, aliyoisoma mamia ya mara. Akaisoma kama mgeni. Mnyama yule aliwazuia watu wasinunue wala wasiuze. Miaka yote hiyo Abba Pamini alikuwa akimtafuta mwenye alama. Hakuwahi kuuliza ni nani anayefunga soko.

Akakifunga kitabu, akakaa mpaka jua likazama, na jioni hiyo hakula.

Mtu angedhani kwamba alitoka mbio saa hiyohiyo. Hakutoka. Alikuwa amesema siku tatu, na alijiambia kwamba mtawa habadili neno lake. Haya ndiyo yaliyokuja kumwuma zaidi kuliko yote. Siku ya kwanza aliweza kuisamehe, kwa sababu alikuwa na hofu. Siku ya tatu alikuwa ameshajua.

Asubuhi ya siku ya nne, ambayo ilikuwa Jumapili, alitia mikate mikavu katika mfuko wake, akashuka. Hakupitia kijijini. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la vyungu, akamkuta Herai amelala ubavu, mtungi wa maji umesimama palepale ulipowekwa, na mchangani alama za mtu aliyejiburuza kuufuata akaishia nusu ya njia.

Akauleta mtungi. Akamnywesha kwa kiganja. Akauvunja mkate na kuulowesha katika bakuli lake, na Herai akautazama bila kunyoosha mkono.

"Wewe ndiye Abba?"

"Ndimi, binti yangu."

"Walisema kwa sauti huko nje kwamba unasali juu yangu."

"Nilikuwa nimejificha. Kule kujificha nikasema ni sala."

Herai akafumba macho, akayafumbua. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia.

"Walitutia chapa siku ya pili, kama punda. Hawakuniuliza ninamwabudu nani. Jioni, aliyeonyesha chapa alipewa bakuli la dengu. Basi nilipofika hapa nikanyoosha mkono uleule." Akatabasamu. "Mazoea, Abba."

"Kula kidogo."

"Nilipokuwa mtoto nilikusikia ukifasiri. Niliogopa ule moto, nikakojoa kitandani mwezi mzima, mama akakulaani. Kule magadini sikuuogopa tena. Nikawa ninausubiri. Kila nilipolala nilijiambia, iko siku vitabu vitafunguliwa, na mtu atasoma kwa sauti yote niliyotendwa, mbele ya watu, na hakuna atakayesema hayakutokea. Hilo ndilo lililoniletea usingizi miaka kumi na tisa." Akapumzika. "Wewe ulikuwa ukimtishia nani?"

Abba Pamini akauchovya tena mkate majini.

"Na yeye atakayeketi kitini," Herai akasema, "mikono yake si ina makovu? Akija Tameshi, watampa mkate?"

Mtawa akainuka. Aliliweka bakuli karibu na mdomo wa Herai, akamfunika kwa joho lake, akaenda kanisani kwa mwendo ambao watu wa umri wake hawaendi. Ibada ilikuwa imeanza. Akapita katikati ya watu, akasimama pale aliposimama kila mwaka.

"Ndugu zangu," akasema, "niliyowaambia juu ya alama hayakuandikwa. Niliyaongeza. Mlikuwa mkisinzia nami nikataka mniangalie. Na mlipoandika kuniuliza, nilijua jibu, nikalificha siku tatu kwa kuogopa kuaibika. Mwanamke yule ni Herai binti Isaka, ni dada yetu, na anakufa kwa njaa mlangoni petu. Katika maono yale, anayewanyima watu kununua na kuuza ndiye mnyama. Hatukuwa na haja ya kumngoja atoke baharini."

Kisha Patape akasema kwa upole wa kweli, "Abba amechoka. Mfungo umemzidi. Mleteeni mahali pa kukaa."

Na kutoka nyuma mtu akauliza, "Na zile baragumu, Abba? Nazo uliziongeza?"

Wengine wakacheka. Mtawa akangoja kicheko kiishe.

"Baragumu sikuziongeza," akasema. "Ila nazo sikuzielewa."

Aliyeinuka kwanza ni Bibi Nonna. Alikwenda kwenye meza ambapo mikate ya baada ya ibada ilikuwa imewekwa, akalibeba kapu zima kichwani, akatoka. Pahor akampita mlangoni akikimbia. Kisha wakafuata wengine, wachache mwanzoni, halafu kanisa lote, hata Patape akitweta.

Walimkuta Herai amekwisha kufa. Mkate uliokuwa bakulini ulikuwa umevimba kwa maji, haujapungua.

Wakamwosha, wakamlilia, na kilio chao hakikuwa cha uongo. Wakamzika karibu na mama yake. Na kwa kuwa watu hawawezi kukaa muda mrefu na jambo la namna ile bila kulipamba, Patape akaagiza mawe ya kuchongwa, akamjengea kaburi zuri kuliko yote ya Tameshi. Mwaka uliofuata mto ulipanda. Watu wakasema ni kwa maombi ya Herai. Wakaanza kuja kutoka vijiji vya jirani na wagonjwa wao. Mtu akachora juu ya mlango wa kaburi mistari mitatu na duara, na ikasemekana kwamba ilikuwa alama ya siri ya mashahidi, ambayo malaika huitambua.

Wakamwendea Abba Pamini wakamwomba aje awafasirie alama ile.

"Juzi ilikuwa ya Ibilisi, leo ni ya malaika," akawaambia. "Ilikuwa chapa ya mtu mwenye mabwawa ya magadi. Alikuwa na punda wengi, na wote walikuwa nayo."

Hawakulipenda jibu hilo. Wakamtafuta mtawa mwingine, kijana, mwenye sauti nzuri, na Jumamosi ya maono ikawa yake. Abba Pamini aliendelea kushuka siku hiyo, akaketi nyuma pamoja na wanaosinzia.

Siku moja Pahor alipanda mpaka pangoni. Alikuwa amekonda. Aliketi, akauliza, "Abba, siku ile vitabu vikifunguliwa, litasomwa lile nililosema? Kwamba alikufa?"

"Litasomwa."

"Na la kwako?"

"Na la kwangu. Siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu."

"Naye atakuwapo akisikia?"

"Nadhani ndiye atakayekuwa ameketishwa karibu zaidi."

Pahor akauinamisha uso. "Atatuombea?"

Palikuwa na jibu tamu tayari mdomoni mwa Abba Pamini, kama lile la zamani, na angelisema, Pahor angerudi nyumbani amefarijika.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Hatukumpa mkate. Siwezi kumpa na maneno ya kusema."

Pahor akalia, naye hakumwambia anyamaze.

Ndugu zangu, tusiwahukumu watu wa Tameshi. Walikuwa na hofu, na walikuwa na mwalimu. Lakini tukumbuke kwamba maono yale ya moto na vitabu na kiti cha enzi yalimjia mtu aliyehamishwa kwa ajili ya imani, akayaandikia watu waliokuwa wakiteswa, wapate kujua kwamba yote waliyotendwa yameonekana na hayatafutwa. Mikononi mwa walioshiba yamekuwa kitu cha kuchunguzia mikono ya wengine. Mwenyezi Mungu atupe kuyasoma kwa kutetemeka, sisi ambao leo mkate umo ndani ya nyumba zetu, na mtu yuko mlangoni.